Mkungu wa Kona ya Kibaoni

Asubuhi ile tulikuta alama nyekundu kwenye shina la mti wa mkungu. Dada yangu aliigusa kwa kidole, ikamchafua. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Mkungu ule ulikuwa Kibaoni, kwenye kona ya maegesho ya bajaji na pikipiki. Chini yake dada aliuza wali na perege. Matawi yalikuwa yameshuka mpaka unayafikia kwa mkono, na humo ndimo alimofunga turubai lake. Mti ukiondoka, hana mahali pengine pa kuuzia. Mimi niliegesha pikipiki hapo hapo, nikisubiri abiria.

"Wakija hao wa kukata, wewe ndiye useme," aliniambia akichochea moto. "Wewe dereva. Sema mti haumsumbui mtu."

Nikaitikia kwa kichwa. Kusema mbele za watu siwezi. Hata abiria wananilalamikia kwamba wamebebwa na bubu.

Jua lilipopanda akaja afisa wa mipango miji na vijana wawili wenye mapanga na msumeno. Madereva wakakusanyika. Afisa akaeleza kwamba maegesho yanapangwa upya. Miti inatakiwa, tena mingi, maana jua la hapa halina utani, na zege lisimwagwe mpaka kwenye shina.

"Ila mti wa kona una masharti yake," alisema. "Matawi yaanzie juu ya kichwa cha mtu, dereva aone anayekuja. Huu unaziba. Ama tuupunguze, ama tuung'oe."

"Unaziba nini?" dada akadakia. "Muulize huyu mdogo wangu. Anapita hapa kila siku."

Wote wakanigeukia. Dereva mmoja akacheka. "Mama, umepata shahidi! Huyo mpaka umtekenye."

"Kijana," afisa akaniuliza, "ukitokea hapa, barabara unaiona?"

Dada alinikazia macho, mwiko mkononi. Nyuma ya turubai nikasikia trekta linanguruma, kama yale yanayovuta matela ya mpunga. Siku chache nyuma tela la namna hiyo lilinikosakosa mguu. Nilipomwambia dada, alinijibu nipunguze mwendo.

"Hilo trekta unaliona?" afisa akauliza.

"Silioni."

"Sema kwa sauti."

"Silioni! Lakini msiung'oe. Upunguzeni tu."

Trekta likachomoza, karibu sana, madereva wakaruka nyuma.

Dada akasonya. "Siku zote mdomo umefungwa. Leo ndiyo umepata ulimi!"

Alifungua turubai mwenyewe, akakataa msaada. Matawi ya chini yakaanguka moja moja. Mti ukabaki umesimama, shina tupu mpaka juu, na kivuli kikahamia pembeni, mbali na benchi.

Mchana aliwapakulia vijana wa msumeno vizuri tu. Mimi akanionyesha mwisho wa benchi, penye jua kali. "Wewe utakaa pale."

Nilikula kisogo kikiniungua. Mara mwiko wake ukasimama juu ya sufuria. Mwanawe alikuwa ng'ambo ya barabara, begi la shule mgongoni, mguu mmoja tayari kwenye lami. Siku zote, kwa matawi yale, tulimwona akishatufikia.

"Subiri hapo hapo!" dada akapiga kelele. Bajaji ikapita kwa kasi. "Haya, vuka."

Mtoto akavuka. Dada akanigeukia.

"Usidhani nimekusamehe," alisema. "Inuka, tulisogeze benchi kivulini."