Leo Nimekemewa Mapepo Nikiwa na Miwani ya VR

Leo nimekemewa mapepo sebuleni kwangu, hapa Laare. Mniache nicheke kwanza.

Mnajua mimi hushindana kulenga shabaha kwa bastola. Range ya kulengea iko mbali, kwa hivyo nyumbani nafanya mazoezi na miwani ya VR na bastola ya plastiki. Ukivaa hiyo miwani huoni nyumba, unaona shabaha peke yake.

Basi niko hapo nalenga, nasikia, "Pepo, toka!"

Navua miwani. Mama mkwe amesimama mlangoni na akina mama wa kanisa, wote mikono juu. Si ya kujisalimisha, jameni. Ni ya maombi.

Mama mkwe akaniambia, "Kendi, huku kwetu mwanamke hata mti wa miraa hakwei. Wewe unashika bunduki?"

Nikamjibu, "Mama, hata huo mti nitaukwea."

Wakaanza kukemea upya, safari hii wakikemea miwani.

Sasa miwani yangu wameenda nayo kwa pasta iombewe. Sawa tu. Jumapili nitaifuata mbele ya kanisa lote.

Na nikitoka hapo napitia shambani kwa mama mkwe. Kuna mti nataka kuukwea.