Enhe ya Shangazi

Fundi wa tovuti hana bosi wala ofisi. Hufanyia kazi sebuleni kwa shangazi yake. Tovuti ikigoma, huondoa vidole kwenye kibodi na kumweleza shangazi tatizo tangu mwanzo. Shangazi, akishona vifungo bila kuelewa chochote, huitikia "Enhe?" mpaka fundi agundue kosa mwenyewe. Siku alipoalikwa kuzungumza mbele ya mafundi wenzake, alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasalimia, kisha akagoma kama tovuti. Ukumbi ulisubiri kwa adabu, mpaka adabu yenyewe ikaanza kukohoa. Ndipo ikasikika kutoka kiti cha mbele: "Enhe?" Akamgeukia shangazi, akamweleza yeye, wengine wote wakadoea mazungumzo. Makofi yalipotulia alimwinamia: "Asante, shangazi."

"Asante ya nini, mwanangu? Mimi bado sijaelewa."