Nilivyofasiri Filamu za Nyota Muyinga na Gitega

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua kwamba niko kazini. Nilikuwa nimekaa barazani kwa fundi cherehani mjini Muyinga, kaskazini mwa Burundi, nikingoja sketi, na nyuma yangu palikuwa na chumba cha video. Watu ndani walikuwa wanacheka mpaka mbao za ukuta zinatikisika. Mimi nilikuwa nasikia Kiingereza kikipenya kwenye nyufa: nahodha mzee wa chombo cha angani alikuwa anaambiwa kwa redio kwamba sayari yao imevunjika, hakuna tena kwao. Watazamaji walimwona anaelea, miguu juu, wakadhani ni kichekesho.

Nilishindwa kuvumilia. Niliingia mlangoni nikasema kwa sauti, "Msicheke! Ameambiwa kwao hakupo tena!"

Mwenye chumba akanijia. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, wa familia ya Kiislamu iliyokaa pale mjini tangu mababu, na kila mtu alimwita Patron, yaani bosi.

"We mama, unasikia hiyo Kizungu?"

"Nasikia."

"Ulisomea wapi?"

"Tanzania. Tumerudi juzi tu, tuko Giteranyi."

"Bon. Kamata mikro."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Kwa Kirundi waliniita umusiguzi, yaani mfafanuzi. Waswahili wa mjini walisema mfasiri. Nyinyi mnaotazama filamu kwenye simu, maandishi yakipita chini, huenda hamjui kwamba zamani maandishi hayo yalikuwa mtu. Nilikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, mikrofoni mkono wa kulia, mkono wa kushoto kwenye kitufe cha sauti. Mhusika akifungua mdomo, nalaza sauti ya filamu na kupandisha yangu. Akifunga, nairudisha haraka, ili watu wasipoteze muziki na vishindo. Hilo tuliliita kulaza na kuamsha, na lilinichukua miezi kulizoea.

Kosa langu la kwanza halikuwa la mkono. Wiki ya kwanza Patron alileta filamu ya mji mmoja uliojengwa juu ya mwezi. Lango la mji lilipofunguka, nikaona Dunia yetu inaning'inia pale mbinguni, ya buluu, ndogo kama bakuli. Nikasahau kusema. Nilikaa mdomo wazi. Watu wakaanza kupiga miluzi, Patron akanigusa bega.

"Goreti, mi sikukuita uangalie. Watu ndio wanaangalia. We uko kazini."

"Samahani, Patron. Ni nzuri mno."

"Iko nzuri, ndiyo. Basi sema kama iko nzuri!"

Nikashika mikrofoni nikasema, "Ndugu zangu, ile ni Dunia. Sisi sote tumo mle." Mama mmoja wa sokoni akauliza kwa sauti, "Na Muyinga?" Nikamjibu, "Na Muyinga imo." Wakapiga makofi.

Nilizipenda filamu hizo kuliko za ngumi na za mapenzi, na nilizipenda kwa namna yangu. Madubwana yenye miguu mingi hayakunitisha hata siku moja; niliona ni wadudu tu waliolishwa vizuri. Vyombo vikubwa vilivyoziba jua ndivyo vilivyonikausha mate. Halafu kulikuwa na jambo moja lililoniudhi. Katika kila filamu miji inaanguka, watu wanakimbia, na hakuna hata mmoja aliyebeba sufuria. Mimi nimelelewa na watu waliokimbia vita. Hakuna anayekimbia bila sufuria. Nilisema hivyo siku moja kwenye mikrofoni, na tangu hapo kila mji ulipoanza kuanguka, benchi zima lilipiga kelele: "Na sufuria?"

Maneno ya sayansi nilikuwa nayatafutia mwili. Mwaka wa nuru niliueleza kuwa ni umbali ambao mwanga wenyewe, na mbio zake zote, unaumaliza kwa mwaka mzima bila kupumzika. Yale matundu ya angani, ambamo chombo kinaingia huku na kutokea upande wa pili wa nyota, yalinisumbua siku mbili. Mwishowe nikasema, "Hiyo ni njia ya panya." Watu wa Giteranyi, waliozoea kuvuka kwenda Tanzania kwa vijia na baiskeli, hawakuhitaji neno la pili.

Sasa niwaambie siku niliyokosea.

Tuliporudi Burundi, shamba la marehemu baba yangu, Yohani, huko Giteranyi tulilikuta lina mtu. Aliitwa Mzee Silvesta. Alipewa na serikali alime wakati sisi hatupo, akajenga, akapanda migomba, akazika mke wake pale. Kaka yangu alitaka atoke na asiache hata mche. Wazee wa upatanishi walikuwa wametuita mara mbili, na mara zote mbili kaka alisimama katikati ya maneno akaondoka. Mimi nilikuwa nyuma yake. Sikuwa nimewahi kusema na Silvesta ana kwa ana.

Jumapili moja alasiri Patron alileta filamu mpya. Sheria ya kazi ni kuonja filamu kwanza, yaani kuitazama yote peke yako kabla ya watu. Hiyo niliionja nusu, umeme ukakatika. Nilijua tu kwamba binadamu walikimbia Dunia iliyokauka, wakazaliana ndani ya chombo vizazi kadhaa, na sasa wanarudi. Chumba kilijaa. Nilipoinua macho nikamwona Silvesta benchi la tatu, amekuja mjini kuuza ndizi, kofia magotini.

Chombo kikatua. Waliorudi wakashuka wakilia, wakibusu udongo. Ndipo kwenye mapango wakatoka watu wengine, waliobaki, wenye majembe mikononi. Mzee wao akasema, nami nikafasiri, "Hapa ni kwetu."

Chumba kikagawanyika. "Mlikuwa wapi nyinyi?" akapaza mmoja upande wa dirisha. "Watoke! Ni mali ya wazazi wao!" akajibu mwingine, na nilijua sauti hiyo, alikuwa mrejeaji kama mimi. Hawakuwa wanazungumza na televisheni tena. Patron akasimama mlangoni.

Nahodha wa waliorudi akawageukia askari wake akasema maneno mawili. Nilisikia vizuri sana. Alisema, "Wachomeni wote." Mdomo wangu ulikataa. Nikasema, "Nahodha anasema, tuwape mpaka kesho, tuongee nao."

Na moto ukawaka kwenye televisheni, watu wote wanauona.

Mwalimu mmoja wa lise, yaani sekondari, aliyekaa mbele, akasimama taratibu. Hakuwa mtu wa kejeli. "Madame," akasema, "si hivyo amesema."

Patron akasimamisha filamu. Nyuso zote zikanigeukia. Nilijua naweza kusema sikusikia vizuri, na wangeniamini. Lakini benchi la tatu lilikuwa linanitazama.

"Mwalimu amesema kweli," nikasema. "Amesema wachomwe wote. Nimeshindwa kulitamka. Kuna mtu humu ndani anaishi kwenye shamba la baba yangu. Kaka yangu anamtakia mabaya, na mimi nakaa nyuma ya kaka yangu nikinyamaza. Neno lile si geni kwangu. Ndiyo maana limenikwama."

Kisha Silvesta akasema, bila kusimama, "Mwana wa Yohani, endelea. Sema vile iko. Mi nataka kujua wanamaliza namna gani."

Nilifasiri mpaka mwisho, neno kwa neno. Ulikuwa mwisho mchungu. Waliorudi walichoma mapango na maghala, halafu wakakuta hakuna mmoja wao anayejua kulima, na mbegu zote zimeungua pamoja na wenyeji. Watu walitoka bila makofi.

Silvesta alinisubiri nje, ameshika baiskeli yake.

"Baba yako nilimjua," akasema. "Tulikuwa tunachunga pamoja. Mi sikuchukua kwake kwa nguvu, nilipewa karatasi."

"Najua, Mzee."

"Kama unajua, kuja mwenyewe. Usitume kaka. Tutembee mipaka mi na we, halafu tuite wazee."

Nilikwenda siku ya tatu. Alinionyesha kaburi la mkewe, nami nikamwonyesha jiwe ambalo mama alikuwa akituhadithia tulipokuwa Tanzania, jiwe la kunolea visu, bado lilikuwepo nyuma ya nyumba. Wazee waligawa: upande wa kaburi na migomba ukabaki kwake, upande wa bondeni ukawa wetu. Haikuwa sawasawa kwa futi, na kaka yangu hakunisemesha kwa misimu minne ya mavuno. Alipokuja kunisemesha, alikuja kuniomba mbegu za maharage. Nilikuwa nimezipata kwa Silvesta, na nilimwambia hivyo. Alizichukua.

Patron naye hakuliacha lipite. Kesho yake baada ya filamu ile aliniita dukani, katikati ya vitenge vyake.

"Uliongopa kwenye mikro yangu."

"Niliogopa watu wangepigana, Patron."

"Mi pia niliogopa. Lakini mtu anakuja kwako sababu haelewi Kizungu. Iko kama kipofu umeshika mkono wake. Ukimwongopea mara moja, atauliza na zile za jana zote ziko namna gani." Akakunja kitenge kimoja. "Halafu ulisema kweli mbele ya watu. Hiyo nayo nimeiona. Kesho kuna filme ya mitu ya chuma. Usichelewe."

Sijabadilisha neno tena tangu siku ile. Niliapa hivyo mbele ya vitenge.

Baada ya miaka, Patron alipozeeka na wanawe wakageuza chumba kuwa stoo, nilihamia Gitega. Nilipata kazi kwenye kituo kimoja cha vijana mtaa wa Mushasha, chini ya mkurugenzi mwanamke tuliyemwita Madame Directrice, mrefu, mkali wa saa. Huko mambo yalikuwa mengine. Tulikuwa na projekta na ukuta uliopakwa chokaa, na watazamaji wangu walikuwa wanafunzi wanaojua Kifaransa kuliko mimi. Filamu ikiwa na sauti ya Kifaransa nililazimika kuomba msaada. Mwanzoni niliona aibu.

"Aibu ya nini?" akasema Madame Directrice. "Vous demandez, unauliza, wanakujibu. Ndiyo shule."

Basi ikawa desturi: neno likinishinda nasimamisha, nauliza, wanabishana, tunakubaliana, tunaendelea. Filamu ya saa mbili ilichukua saa tatu, na waliipenda hivyo. Msichana mmoja aliniuliza kwa nini katika filamu zote wageni wa angani hushukia nchi za mbali, kamwe hawaji Gitega. Nikamwambia aandike ya kwake. Akaandika, kurasa kumi na moja, chombo kinatua uwanjani na jambo la kwanza wanaloombwa na askari ni kitambulisho. Niliisoma kwenye mikrofoni kwa sauti za watu wote. Sijawahi kushangiliwa vile.

Wakati wa likizo kituo kilitutuma tarafani na gari, projekta na shuka jeupe. Tulikwenda Bukirasazi na kwingineko, tukionyesha ndani ya maghala ya kahawa madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia.

Niliacha kazi koo lilipochoka. Daktari alisema nyuzi za sauti zimeota vinundu, nichague kati ya filamu na kuongea na wajukuu. Madame Directrice alinifanyia sherehe ndogo ya fanta na brosheti, yaani mishikaki. Siku hizi vijana wanazo filamu zote mfukoni, na picha ni safi kuliko zilivyowahi kuwa kwetu. Sioni wivu. Ninachokikosa ni kusikia watu mia wakishika pumzi kwa pamoja, na kujua kwamba neno linalofuata liko kwangu.

Mwaka jana nilikuwa sokoni Gitega nikinunua maparachichi. Nilipouliza bei, mama muuzaji akainua kichwa. Hakunitambua kwa uso.

"Sauti hiyo," akasema. "We si yule wa filme? Ulikuja kwetu Bukirasazi."

"Ni mimi, dada."

"Kulikuwa na mwanamke ameachwa peke yake juu, kwenye chombo, na mtoto wake iko huku chini. Mvua ikapiga, mi nikakimbia nyumbani kuanua mihogo. Sikuona mwisho." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Alirudi?"

Niliikumbuka. Nilikumbuka hata mahali nilipovuta pumzi.

"Hakurudi," nikamwambia. "Lakini redio ilishika. Aliongea na mtoto wake mpaka ikakatika."

"Waliongea?"

"Muda mrefu. Alimwimbia."

Yule mama akaweka mkono juu ya maparachichi. "Miaka hii yote," akasema, "mi nilikuwa nafikiri iko peke yake kule."

Nikavuta gunia nikakaa karibu naye, na kwa sauti ndogo niliyobaki nayo nikamfasiria sehemu ile tangu mvua ilipoanza.