Dhambi Ndogo za Shangazi

Shangazi yangu alikuwa fundi wa kutubu. Kila Jumapili alasiri, waliookoka walipokusanyika Riruta, yeye ndiye aliyetangulia kusimama. Wiki hii amemwonea jirani kijicho kwa leso mpya, wiki ijayo amemtukana kuku. Watu walilia. Mimi niliyeishi naye chumba kimoja nilijiuma midomo nisicheke, maana chang'aa, ile pombe haramu aliyokunywa kwa siri, hakuitaja hata siku moja.

Alikuwa yaya kwa matajiri kule Karen, msafi, kitambaa cheupe kichwani. Jumamosi nilimletea chupa kutoka Kabiria, nimeifunika kwa majani ya kunde. Kila asubuhi alipiga funda kabla ya chai, akatafuna karafuu, akaenda kazini akiimba. Siku akikosa, mikono ilimtetemeka, na ndugu wa kanisa wakasema Roho amemshukia. Walimheshimu sana kwa mtetemeko ule.

Kisha macho yake yakageuka manjano na tumbo likaanza kuvimba. Nikamsihi aende hospitali.

"Daktari atasikia harufu," alisema. "Na ile siku atasikia, kanisa yote itajua. Wacha tu."

Niliona atakufa. Nikaamua kumwaga mtama mbele ya ndugu, ila desturi yetu ilikuwa kali: unatubu dhambi yako, ya mwenzako huigusi. Basi Jumapili nikasimama nianze na yangu, nikitumaini mtu atauliza ninamnunulia nani.

"Ndugu, miaka miwili sasa nanunua chang'aa kila Jumamosi, naificha chini ya kitanda."

Hakuna aliyeuliza. Wimbo ulilipuka, akina mama wakanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, na kiongozi wetu akamwita shangazi, nani mwingine, aje aniombee! Akaniwekea mikono kichwani, inatetemeka, akamkemea pepo wa pombe anitoke, kwa sauti ya kutikisa mabati. Mungu anisamehe, nilicheka ndani kwa ndani.

Halafu akaniinamia sikioni.

"Sema ni yangu, mwanangu. Sema sasa. Mimi siwezi."

Nikafungua mdomo. Kundi zima lilikuwa linanitazama kwa upendo, mimi ambaye siku zote walinipita kama kiti. Utamu ule sijausahau, na ninauonea aibu.

"Amina," nikasema.

Tulimzika kabla ya Krismasi. Kaburini waliniomba nitoe ushuhuda, mimi mlevi niliyeponywa kwa maombi yake, nami nikautoa.