Nilitafsiri uongo mbele ya watafiti, na mama aliyeniamini sasa hapumui vizuri

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana Kyela ni ndogo na tunajuana.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mjane, nina watoto wawili. Mume wangu alipofariki, kaka yake alituachia nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine yake ya kukoboa mpunga, akanipa na kazi hapo hapo ya kupima magunia. Hata hapa nilipokaa naandika ni kwake.

Pale mashineni kuna akina mama watano wanaopeta mchele na kuzoa pumba. Msimu wa mavuno vumbi linakuwa zito mpaka mtu aliye upande wa pili unamtambua kwa kanga yake tu. Mmoja wao anatoka Talatala, nitamwita Mama Lugano ingawa si jina lake. Umri wake ni kama miaka hamsini na tano. Nilipofiwa, yeye ndiye aliyelala na mimi kwenye mkeka siku zote za msiba, na mpaka leo akitoka kwao lazima aniletee ndizi. Kiswahili anajua cha salamu na cha sokoni tu, sisi tunaongea Kinyakyusa.

Mwaka jana walikuja watafiti wa serikali. Walituambia hawakuja kumtoza mtu faini wala kufunga mashine ya mtu. Wanataka kujua kazi hii inawaumizaje watu, ili waone namna ya kuzuia. Wangemhoji kila mfanyakazi, na atakayesema ana shida ya kifua angepelekwa kupimwa mapafu. Wakaomba mtu wa kuwatafsiria akina mama, shemeji akanitaja mimi kwa sababu nimemaliza kidato cha nne.

Kabla hatujaanza aliniita pembeni. Akasema, "Shemeji, hao wanasema hawafungi, lakini wakisikia watu wanaumwa hapa patafungwa. Wewe na watoto mtakwenda wapi?" Hakunitisha. Aliongea kwa upole kabisa, na ndiyo maana ilinikaa moyoni.

Mtafiti aliyetuhoji alikuwa dada mpole. Akauliza kama Mama Lugano anakohoa au anabanwa kifua. Mama alieleza kwa muda mrefu. Alisema msimu wa mavuno halali chali, analala ameegemea ukuta. Akikaa kwao wiki mbili akilima tu, kifua kinafunguka, akirudi kwenye pumba kinafunga tena. Alisema amewahi kutema damu mara mbili na hajamwambia hata mwanaye.

Mimi nikamgeukia yule dada nikasema, "Anasema hana tatizo, anachoka tu kwa sababu ya umri."

Dada akaacha kuandika. "Mbona ameongea maneno mengi?"

Nikamjibu kwamba Kinyakyusa ndivyo kilivyo, kina mzunguko. Akacheka kidogo, akaandika. Wale wengine wanne, ambao Kiswahili chao ni kama chake, nao niliwafanyia hivyo hivyo.

Tulipomaliza, Mama Lugano alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru, "leo angalau serikali imenisikia." Nilienda chooni nikakaa huko mpaka watafiti walipoondoka.

Baadaye watu wa mashine nyingine za hapa waliitwa kupimwa, na wenye mashine wakaelekezwa namna ya kupunguza vumbi. Sisi tuliletewa barua kwamba hakuna mfanyakazi aliyelalamika. Mimi ndiye niliyemsomea shemeji hiyo barua. Mama Lugano akawa ananiuliza kila wiki kama hawajamwita bado. Namwambia bado, avumilie. Na yeye akavumilia, akaendelea kupeta.

Mwezi uliopita alianguka na ungo mkononi. Tulimpakia kwenye bajaji, midomo imebadilika rangi. Hospitalini daktari alimwambia binti yake kwamba mapafu yameharibika sana na hayatarudi kama zamani. Akasema angetolewa kwenye lile vumbi mapema, hali isingefika hapo. Binti akaniangalia akasema bora hata wewe dada ulijaribu kumsemea. Sikuwa na mahali pa kuweka uso.

Sasa wiki iliyopita yule dada mtafiti alinipigia. Wanarudi Jumatatu kwa awamu ya pili, na wanataka nitafsiri mimi tena kwa kuwa niliwasaidia sana. Shemeji amefurahi, ameniambia nirudie kama vile nilivyofanya. Na kati ya wale akina mama waliobaki, wa umri mdogo kuliko wote ameanza kukohoa kama Mama Lugano alivyoanza.

Nikisema ukweli, shemeji atatutoa kwenye nyumba, na sina pa kwenda, wazazi wangu wote wameshatangulia. Na wale akina mama wataniita nini wakijua walisema ukweli wote na mimi nikautupa? Nikinyamaza, najua kinachofuata, nimeshakiona kwa macho yangu.

Jana nilikwenda hospitali nikiwa nimeamua kuanza na Mama Lugano mwenyewe. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasema, "Mama, siku ile ya wale watafiti, mimi..." Kilio kikanishika. Yeye akadhani nalilia hali yake. Akavuta pumzi kwa shida, akanifuta machozi kwa pindo la shuka, akaniambia nisilie, wale watu wa serikali wakirudi niwaambie tu yuko wodi hii, watakuja.

Nikatoka bila kumwambia.

Ndugu zangu mnaosoma, nitukaneni mkitaka, nimestahili. Ila mkimaliza mniambie, nianze kwa nani, na niseme nini, maana Jumatatu hiyo imeshafika mlangoni.