Jezi Sabini na Nne

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyoficha jina la mtu. Nakuhadithia leo kwa kuwa nimesikia umeitwa mjini Ibra kuwachagua vijana watakaouchezea mpira mkoa mzima wa Sharqiya, na kati ya wanaotajwa yumo mdogo wako wa tumbo moja.

Ujana wangu ulinifikisha Marekani kusoma chuo, miaka michache baada ya sisi kutoka Unguja. Nilikuwa nikimshikia daftari la mechi kocha wa chuo chetu katika mpira wao ule wa kofia ngumu, unaobebwa mkononi na kugombaniwa kwa vifua. Msimu ukisha, makocha wa kanda nzima hupiga kura kuunda timu teule, mchezaji bora wa kila nafasi, na sharti lao moja nalipenda mpaka leo: kocha hamchagui kijana wa chuo chake. Atazame mazuri ya wenziwe, ayaseme.

Kocha wetu alikuwa mzee aliyerudi na mguu mbovu kutoka vita vikuu. Hakuwa msemaji, na wachezaji walimpenda kama baba. Akanambia nimtayarishie orodha ya kura yake kutokana na daftari, yeye aje atie saini.

Sasa, chumbani nikikaa na Tomu, beki wetu wa mbele, ambaye kazi yake ni kumwangusha mrusha mpira wa wapinzani. Tomu ndiye aliyenichukua kwao siku ya Idi nisikae peke yangu, na mama yake akauliza kwanza ninachokula na nisichokula, ndipo akapika. Mtu kama huyo utamlipa nini? Na mshindani wake wa nafasi ile alikuwa mmoja tu, kijana wa chuo jirani, jezi sabini na nne. Yule, wallahi, alikuwa ajabu. Tulipocheza nao alimwangusha mrusha mpira wetu mara nne, na kila mara akampa mkono kumwinua. Yote niliyaandika mwenyewe. Lakini ukipenda, chongo huita kengeza. Sabini na nne nikamwacha, nikaandika beki wa kawaida wa chuo cha mbali, asiyeweza kupata kura nyingine, ili njia ya Tomu iwe nyeupe.

Kocha akaisoma orodha, akafungua daftari, akaweka kidole pale penye mara nne. Akaniuliza kama mwandiko ule ni wangu. Nikasema wangu. Nikamweleza habari za Tomu, na Idi, na mama yake, nikidhani atalainika.

"Wema wa Tomu ulipe kwa kilicho chako," akasema. "Hiki ni cha yule kijana."

Akanirudishia kalamu nisahihishe mwenyewe. Nilitamani ardhi inimeze. Majina yalipotoka, sabini na nne alichaguliwa, Tomu akakosa. Nikaenda kumwambia kila kitu, nikingoja anitukane. Niliona imemuuma.

"Mimi ningemwandika wa kwanza," akasema.

Jumapili ile akanitia garini, tukaenda kumpa mkono kijana yule kwao. Nimekutana na watu wengi wazuri, lakini wale watatu, kocha, Tomu na sabini na nne, sijawasahau.

Basi nasikia mjini Sur yuko kijana anayecheza nafasi ya mdogo wako, na umemwona kwa macho yako mwenyewe. Mdogo wako mpe viatu vyako, mpe jioni zako umfundishe, mpe dua. Nafasi ya mtu usimpe, si yako. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na aliye bora kuliko wetu tumtaje kwa sauti, hata sauti ikitetemeka. Mdogo wako akinuna, mlete kwangu Bidiya nimmiminie kahawa, nimhadithie Tomu.

Mungu akujaalie jicho la kuuona uzuri hata uliovaa jezi ya wapinzani, na mkono usiosita kuuandika. Amin.