Nimeambiwa nimpikie mkwe aliyemwagia binti yetu maharage ya moto

Watu wengi hukosea jambo moja. Wakisikia mwanamume amempiga mkewe kwa sababu ya chumvi, wanakimbilia kumfundisha mwanamke kutia chumvi.

Admin, nifichie jina. Mtaa wa Mafiga uache utajwe, ni mkubwa. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mjane, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Huenda baadhi yenu mnanisoma bila kunijua, maana nina ukurasa wangu wa mapishi. Asubuhi, nikishakunywa chai, nasoma kwanza ndipo naingia jikoni. Nasoma kitabu cha mapishi nilichofundishia, kimeshalowa mafuta, na hata gazeti nililofungiwa dagaa sokoni nalinyoosha nikalimaliza. Sisi tulipanga foleni za sukari. Maduka yalipofunguliwa yakajaa kila kitu, mazoea ya kutotupa karatasi yakabaki. Siku hizi ninachokipenda ni magimbi ya mlimani kwa karanga, na wali wa mchele wa Turiani kwa tui jepesi. Napika, napiga picha, nawaeleza watu kwa nini chakula kinaiva.

Siku moja napiga picha magimbi, akaingia Tecla. Si jina lake. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, kwa hiyo ni mwanangu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Uso umefanya nini?"

"Nimejigonga mlangoni."

"Mlango wenu una ngumi?"

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, mwingine haukufunguka. Kisha akaniuliza, kama msomaji wangu yeyote, ugali upikweje usitoe mabuje ya unga mbichi. Nikamweleza: anza na uji, uache uchemke, unga uutie kidogo kidogo. Akashukuru, akaenda.

Wiki iliyofuata alirudi mkono unaning'inia. "Ugali ulikuwa laini, mama mkubwa. Mume wangu alikula akamaliza. Halafu akaniuliza, leo umempikia nani mpaka umekuwa mtamu hivi?"

Alimpiga kwa mwiko mpaka ukakatika, kisha akamkanyaga mkono sakafuni. Meno yake mawili ya mbele Tecla aliyatemea kwenye beseni la vyombo.

Watu humtetea mume huyo. Wanasema kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilipobinafsishwa alipunguzwa, ana hasira. Wenzake waliopunguzwa naye wanauza mitumba, wengine wanalima, na wake zao wana meno.

Nikamkataza Tecla asirudi kwa mumewe, akabaki kwangu na wanawe. Siku chache baadaye, mchana, nikiwa na maharage yanatokota jikoni, mumewe akapiga mlango teke. Hakunisalimu. Aliinua sufuria kwa kanga yangu akammwagia Tecla begani. Nimezaa, nimezika, lakini ukelele ule sikuwahi kuusikia. Ngozi ilishuka pamoja na mchuzi. Akamshika nywele, akaanza kumburuza nje. Mchi ulikuwa karibu na kinu. Nikampiga nao gotini, akaanguka. Nikampiga mkononi, akaziachia nywele. Majirani walipofika, wote wawili walikuwa chini, na mimi nimesimama na mchi.

Sasa niwaeleze wasiotujua Waluguru. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mjomba wa Tecla ni kaka yangu, anaishi Mgeta, mlimani. Mkwe naye ana heshima yake. Mama mkwe hamgusi hata bega. Katika ukoo wetu, ukimvunjia mkwe heshima unafuta aibu kwa kumpikia kwa mkono wako mwenyewe. Akishakula, jambo halitajwi tena na mtu yeyote, na mkewe anaondoka naye siku hiyo hiyo.

Tulikaa kikao cha wazee wa ukoo kwangu. Kaka alianza: "Dada, mkwe hapigwi."

"Na binti anaunguzwa?"

"Huyu kaumia, yule kaumia. Mmetoka sare. Mpikie mkwe jogoo, yaishe."

Mkwe alikuwa ameunyoosha mguu kwenye kiti changu. Akasema kwa sauti ya upole, "Mama, mimi nafuatilia mapishi yako kwenye simu. Huyu mwanao ndiye hafuatilii." Wazee wakacheka. Mmoja akaongeza, "Ila mama, huyo jogoo asiwe mgumu kama mchi wako!" Wakacheka tena. Tecla alikuwa nyuma ya mlango na bandeji begani, anawasikia.

Mtaniuliza kuhusu polisi. Fomu tulichukua, hospitali wakaijaza. Kaka alimwomba Tecla asiirudishe kituoni mpaka suluhu ishindikane, naye akakubali, maana mjomba amemlea.

Chakula ni Jumapili. Nisipopika, suluhu haipo na Tecla anabaki kwangu na wanawe. Lakini kaka amesema mbele ya wote kwamba nikikataa, nisihesabu nafasi kando ya mama yetu kwenye makaburi ya ukoo. Kwa umri wangu hilo si neno dogo. Nimefundisha watoto wa watu nikijua nitakapolazwa.

Jana Tecla alinisogelea nikimbadilishia bandeji. "Pika tu, mama mkubwa. Mimi naweza kufia popote. Wewe usizikwe kama mtu asiye na kwao."

Nikaimalizia bandeji, nikatoka uani. Jogoo yumo bandani, kaka amemtuma kutoka mlimani. Nikimchinja, najua Tecla anarudi kwa nani. Nikimwachia, sina ndugu. Ninyi mnaonisoma, wanawake na wanaume, mngekuwa mahali pangu mngewasha moto Jumapili? Niambieni bila kunionea haya kwa uzee wangu.

Na kabla hujaniandikia ushauri: leo, mpigie simu binti uliyemwoza, umuulize kwa neno moja tu, "Unapigwa?"